Adui Ana Kisa, Lakini Nani Aliulizwa?

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa wapenzi wa gemu za njozi. Wengi waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoitamka. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu wachezaji, wenzangu wapenda hadithi, nawashukuru kwa kuja.

Kabla sijasema lolote, nawaomba kitu kimoja. Aliyewahi kucheza Warcraft III, ile iliyotoka mwaka 2002, anyooshe mkono. Ahsanteni. Sasa mkono ubaki juu ikiwa unaamini kwamba Arthas, yule mwana wa mfalme, alikuwa na haki ya kuwaua watu wa mji wa Stratholme. Naam. Mingine imeshuka, mingine imebaki. Kule nyuma kuna mmoja aliushusha, akaurudisha, sasa ameushikilia katikati. Wewe ndugu, ubaki hapohapo. Hotuba hii naitoa kwa ajili yako.

Swali langu la leo ni moja. Adui akiwa na kisa cha kuliza, je, kisa hicho kinayahalalisha matendo yake? Zamani gemu hazikutusumbua sana kwa swali hili. Chukueni Kefka wa Final Fantasy VI, mwaka 1994. Anatia sumu kwenye maji ya ngome ya Doma, watu wanakufa ovyo, mke na mtoto wa Cyan wakiwemo, naye anashangilia. Akili yake iliharibiwa na majaribio ya kumtia uchawi, hilo tunaambiwa, lakini sijawahi kumsikia mtu akisimama kusema Kefka alikuwa na hoja. Baadaye waandishi wa gemu wakaanza kutuletea maadui wa namna nyingine: maadui wenye watoto waliokufa, wenye miji iliyoteketea, wenye machozi ya kweli. Tukawapenda. Na tulipowapenda, tukaanza kuwatetea.

Mimi sikatai kuwapenda. Nawapenda hata mimi. Ninachokataa ni kitu kingine, na ili nikiseme vizuri naomba tushike maneno matatu ambayo lugha yetu imeshatutenganishia ila sisi tukibishana tunayachanganya. Kuna sababu, yaani kilichomsukuma mtu. Kuna udhuru, yaani kinachompunguzia lawama. Na kuna uhalali, yaani tendo lenyewe kuwa sawa kutendwa. Anayesema "namwelewa Arthas" amezungumzia sababu. Anayesema "ningekuwa mimi, huenda ningefanya vilevile" amezungumzia udhuru. Wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli tupu, na hakuna hata mmoja aliyefika kwenye uhalali. Safari ya kutoka neno la kwanza hadi la tatu ni ndefu, ndugu zangu. Sisi tumezoea kuiruka kwa hatua moja.

Sasa twendeni Stratholme.

Mnaikumbuka hali ilivyo. Arthas ni mwana wa mfalme wa Lordaeron, kijana, knaiti wa Nuru, yaani askari wa kiapo, mwanafunzi wa Uther. Kuna tauni inayosafiri ndani ya nafaka. Huko Hearthglen ameshaona kwa macho yake watu waliokula nafaka ile wakigeuka kuwa wafu wanaotembea, wakiwashika koo majirani zao. Hajalala. Anafika kwenye lango la Stratholme na kukuta nafaka imeshagawiwa. Uther yupo pale. Jaina, mchawi aliyekuwa mpenzi wake, yupo pale. Arthas anatamka kwamba mji wote lazima usafishwe. Uther anakataa, anasema asingelifanya hilo hata kama Arthas angekuwa tayari ni mfalme. Arthas anamwita msaliti, anamvua madaraka, analivunja jeshi la waknaiti wa Nuru papo hapo. Jaina anageuka na kuondoka, hawezi kutazama. Mazungumzo yote pale langoni yanakwisha kwa muda mfupi kuliko tuliotumia leo kupanga viti.

Kisha misheni inaanza. Na hapa ndipo ukali wa gemu hii ulipo, kwa sababu kitabu kingekusimulia tu, gemu inakupa kipanya mkononi. Mal'Ganis, pepo aliye nyuma ya tauni ile, yuko upande wa pili wa mji akiwageuza watu wawe wafuasi wake. Wewe unatakiwa uwaue mia moja kabla yeye hajawachukua mia moja. Idadi inahesabiwa mbele ya macho yako. Unavunja nyumba, watu wanatoka, unabonyeza. Unavunja nyingine, wanatoka, unabonyeza. Nilipoicheza mara ya kwanza nilikuwa mdogo, na nakumbuka vizuri kilichokuwa kichwani mwangu: nilitaka kumshinda Mal'Ganis kwa hesabu. Mbio tu. Hadi nilipomaliza ndipo niliposhtuka kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale mia niliyemtazama.

Nitamtendea haki Arthas, maana anastahili. Uther alikataa, lakini hakuleta mpango mwingine. Jaina naye hakuleta. Ni rahisi kukataa na kupanda farasi ukaondoka. Kama kweli kila mtu ndani ya mji ule alikuwa amekula, kama kweli hapakuwa na dawa, kama kweli saa moja baadaye wangetoka na kuvimeza vijiji vyote vya jirani, basi mtu aliyebaki pale langoni alibaki na mzigo ambao wenzake wawili walimwachia. Hayo nayakubali bila kinyongo.

Lakini tazameni kilichokosekana. Mji mzima, na hakuna aliyegonga mlango kuuliza: nyumba hii mmekula mkate? Hakuna. Je, mwoka mikate hakujua nani amenunua? Je, hapakuwa na mama aliyeficha unga wa zamani, mgonjwa asiyekula kitu kwa siku mbili, mtoto wa kunyonya? Arthas hakuuliza. Nia yake ilikuwa kuwaokoa watu wake, na watu wake ndio pekee ambao hawakusemeshwa.

Halafu fuateni nia hiyohiyo inakokwenda. Mal'Ganis anamwambia wakutane kaskazini, Northrend, naye anamfuata. Mfalme anatuma amri jeshi lirudi nyumbani. Arthas anawakodi mamluki wazichome meli ili askari wake wasiweze kurudi, kisha anawageukia askari na kuwaambia: tazameni, hawa mamluki wamezichoma meli zetu. Askari wanawaua wale mamluki. Kwa nini alifanya hivyo? Kuwaokoa watu wake. Anafika kwenye upanga wa Frostmourne. Rafiki yake Muradin anamwonya kwamba umelaaniwa. Arthas anasema atabeba laana yoyote ile. Kwa nini? Kuwaokoa watu wake. Anauchukua, Muradin anaanguka, naye anasonga mbele. Mwishowe anarudi nyumbani, mji unamrushia maua, anaingia kwenye ukumbi wa kiti cha enzi na kumchoma baba yake upanga.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Arthas aliyavulia nguo pale Stratholme. Baada ya hapo kila tendo lilihitaji tendo lingine kubwa zaidi ili lile la nyuma lisionekane bure. Angeacha njiani, maana yake wale wa Stratholme walikufa kwa nini?

Jambo ninaloomba mlishike ni hili. Tangu langoni mwa Stratholme hadi kwenye upanga, nia yake haikubadilika hata kidogo. Maneno ni yaleyale. Yaliweza kubeba mauaji ya mji, yakabeba uongo kwa askari, yakabeba damu ya mamluki, yakabeba laana. Sasa nawauliza: sababu inayoweza kulibeba kila tendo, inalipima tendo gani? Ikiwa "nawaokoa watu wangu" inafaa kwa tendo zuri na kwa tendo baya, kwa tendo la lazima na kwa tendo la wazimu, basi haiwezi kutusaidia kutofautisha. Tutafute kipimo kwingine.

Na msisahau kwamba safari ile yote ilikuwa mtego. Aliyeiandaa alimtaka Arthas. Upendo wake kwa watu wake ndio uliokuwa chambo.

Hilo la "ilibidi" linaniuma zaidi nikimkumbuka mfalme mwingine. Undertale, mwaka 2015. Asgore, mfalme wa viumbe waliofungiwa chini ya mlima. Mwanawe aliuawa na binadamu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sitamhukumu kwa kulia. Katika uchungu ule anatangaza mbele ya watu wake kwamba kila binadamu atakayeangukia kule chini atauawa, na roho saba zikipatikana kizuizi kitavunjwa. Wewe mchezaji unapofika, roho sita zimeshapatikana. Sita. Na unapofika mbele yake unamkuta akimwagilia maua, mpole, mwenye aibu, mtu ambaye ungependa kukaa naye. Vita vikianza, anainua mkuki wake na kukivunja kitufe cha huruma kwenye skrini yako. Gemu nzima umekitegemea kitufe kile, naye anakiondoa kwanza. Nadhani anakiondoa kwa sababu anajua angekubembeleza ukitumie.

Sasa sikilizeni anachoambiwa na Toriel, aliyekuwa mkewe, ukiifikia ile njia ya mwisho isiyomwaga damu. Anamwambia: kama kweli ulitaka kuwakomboa watu wetu, ungechukua roho moja tu, ukavuka kizuizi, ukapata sita nyingine huko nje, ukarudi ukawafungulia wote. Badala yake umewaacha wote waishi katika kukata tamaa, wewe ukikaa hapa ukiomba kimyakimya asije binadamu mwingine.

Mnaona uzito wake? Kuna msikilizaji atasema Toriel naye anapendekeza mauti ya wengine. Anasema kweli, sitalificha hilo. Lakini Toriel anagusa mahali penyewe: Asgore hakuamini hata mpango wake mwenyewe. Alitangaza vita siku ya msiba, umati ukafurahi, na kuanzia hapo hakuwa na ujasiri wa kuwaambia watu wake kwamba alikosea. Watoto sita walikufa kwa sababu mfalme mpole aliona haya kuitengua kauli. Tukisema "ilibidi" kwa niaba yake, tunampa udhuru ambao hata yeye hakuuomba. Yeye anajua. Ndiyo maana hakutazami machoni.

Nimekuja sasa kwa yule ambaye najua mlimsubiri. Nimesikia jina lake likitajwa pale mlangoni kabla sijaanza. Emet-Selch.

Final Fantasy XIV, sura ya Shadowbringers, mwaka 2019. Wenzetu ambao hamjaicheza, naomba mnivumilie nieleze kwa ufupi. Zamani za kale dunia ilikuwa moja, na watu wake walikuwa wakuu, wenye uwezo wa kuumba kwa mawazo tu. Mji wao uliitwa Amaurot. Maangamizi yakaja. Nusu ya watu wale walijitoa mhanga wenyewe ili kuunda nguvu ya kuyazuia. Kisha nusu ya waliobaki wakajitoa tena ili uhai urudi juu ya ardhi. Kisha ukaja mpango wa tatu: uhai ule mpya ukikua, sehemu yake itolewe kafara ili wale waliojitoa warudishwe. Hapo wengine wakasema hapana, na katika ugomvi ule dunia ikapasuliwa vipande kumi na vinne, na watu nao wakapasuka pamoja nayo. Waliobaki wazima ni watatu. Emet-Selch ni mmoja wao. Tangu siku ile kazi yake ni kuviunganisha vipande, na kila kipande kinapounganishwa, dunia nzima inakufa na janga linaipiga ile inayopokea. Wameshafanya hivyo mara saba.

Ndugu zangu, kama kuna adui mwenye kisa, ni huyu. Hakupoteza baba wala mtoto tu. Alipoteza kila kitu: kila rafiki, kila jirani, lugha, mji, sauti za mtaani. Amebeba kumbukumbu hiyo kwa maelfu ya miaka. Chini ya bahari ameujenga mji wake upya kwa uchawi, na unapoingia mle unawakuta wakazi wake wakitembea, warefu kama minara, wakikusemesha kwa upole kama mtoto aliyepotea kwa sababu wewe ni mdogo mno kwao. Nilipotembea ndani ya Amaurot ile niliiweka pedi ya kuchezea chini nikakaa tu. Wanazungumzia mijadala yao, kazi zao, mambo ya kila siku. Wote ni vivuli. Amewaumba ili asiwe peke yake.

Na nusu yetu hapa tukalia, tukasema: kumbe alikuwa na haki.

Alikuwa na haki gani? Tumsikilize mwenyewe. Anasema hawahesabu watu wa sasa kuwa hai kwa ukamilifu, kwa hiyo akiwaua hajaua mtu. Ndiyo hoja yake. Haijafichwa, anaitamka wazi. Na wahenga wetu wana jibu lake: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kilio cha Amaurot ni kilio. Kilio cha wengine ni kelele za wanyama.

Msinielewe vibaya, hakufika hapo kwa ujinga. Anasema ameishi kati yao, amekula nao, amepigana bega kwa bega nao, ameugua, amezeeka, amezaa watoto. Amewapima vizazi na vizazi akawaona wamepungukiwa. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Angekuwa hajawahi kukaa nao, tungesema hajui. Lakini mtu aliyezaa watoto na watu, akawazika, kisha akasema hawakuwa hai, huyo amefanya kazi kubwa ya kujizuia asione. Kwa nini ajizuie? Kwa sababu siku atakapokubali kwamba hata mmoja wao ni mtu, zile dunia zilizokufa zitakuwa dunia zilizojaa watu, na yeye ndiye aliyeziua. Hawezi kumudu kuona. Tumerudi kwa Arthas na maji yake.

Halafu tofautisheni jambo moja ambalo sisi watetezi wake tunalipita haraka. Wale watu wa Amaurot waliotangulia kufa walijitoa wenyewe. Waliulizwa, wakakubali. Lile lilikuwa tukio la kutisha na tukufu, na silitilii shaka. Lakini kafara ya tatu ingetolewa na viumbe ambao hawakuulizwa, na zile dunia zilizounganishwa hazikuulizwa. Anatumia utukufu wa wale waliokubali kulipia vifo vya wasiokubali. Hiyo haihamishiki, ndugu zangu. Ridhaa ya mtu mmoja haiwezi kumfunga mtu mwingine.

Ana mwenzake, Elidibus, aliyesalia baada yake. Kisa chake kilikuja mwaka 2020. Yeye aliendelea na kazi ileile muda mrefu kiasi kwamba kumbukumbu ya wale anaowapigania ilimtoka kidogo kidogo. Wajibu ulibaki, nyuso zikaondoka. Fikirini. Mtu anaua kwa ajili ya wapenzi ambao hawakumbuki tena. Watetezi wake wakisema "lakini nia yake ilikuwa njema", nia ipi? Iko wapi? Imeshamtoka, na mkono bado unaua.

Je, Emet-Selch hakustahili chochote kutoka kwetu? Alistahili, na alikiomba mwenyewe mwishoni. Hakuomba tuseme alikuwa sawa. Aliomba tukumbuke kwamba waliishi. Ombi hilo mimi nimelishika, na kila nikisimulia gemu ile nawataja watu wa Amaurot kwanza. Lakini angalieni: angeweza kuliomba hilo tangu mwanzo. Angeweza kuwaendea watu wa dunia hizi mpya na kuwaambia, kulikuwa na mji, keti nikusimulie. Wangemsikiliza.

Nimesema mara nyingi sasa neno hili, kuulizwa. Nataka niwaonyeshe nilipolipata. Sikulipata kwa falsafa, nililipata kwa msichana mmoja ndani ya Nier, gemu ya mwaka 2010.

Katika Nier wewe unamlinda Yonah, msichana mgonjwa. Adui mkuu, anayeitwa Shadowlord, anamteka nyara. Unapita dunia nzima ukiua vivuli ili umpate. Unamaliza. Kisha gemu inakwambia: cheza tena. Mara ya pili, vivuli vinaongea, na safari hii maneno yao yameandikwa ili uyasome. Vilikuwa vinaongea tangu mwanzo, wewe ndiwe hukuwa unaelewa. Kuna kivuli kidogo, mtoto aliyefiwa na mama yake, aliyefanya urafiki na roboti kubwa kwenye lundo la vyuma. Ndoto yao ilikuwa kutoka nje wakaione dunia. Mara ya kwanza uliwaua wote wawili kama bosi wa kawaida, yaani adui mkubwa wa kumaliza hatua, ukaokota ulichokuja kuchukua. Mara ya pili unajua jina la mtoto: Kalil. Na gemu haikupi njia ya kumwacha.

Shadowlord naye ni nani? Ni wewe. Ni yule wa asili ambaye wewe ni nakala ya mwili wake, na Yonah wake wa asili anahitaji mwili wa Yonah wako. Watu wawili, upendo mmoja, kwa jina moja. Hapa wale wanaosema nia inahalalisha wamekwama, kwa sababu nia ni moja pande zote mbili. Kama inamhalalisha yeye, inakuhalalisha wewe. Kama inakuhalalisha wewe, basi na yeye. Mtabaki mnauana kihalali hadi dunia iishe, na ndivyo inavyoelekea kuwa.

Sikilizeni anachofanya Yonah wa asili anapoamka ndani ya mwili ule ambao maelfu wamekufa ili aupate. Anasema anamsikia msichana mwingine humo ndani, analia, anamtaka mtu wake. Na anasema mwili huu si wangu. Anaukataa. Anatembea kuelekea kwenye mwanga wa jua na kutoweka.

Yeye ndiye aliyekuwa sababu. Vita vyote vile, jina lake ndilo lililokuwa midomoni. Na alipoulizwa, au tuseme alipojipatia nafasi ya kujibu bila kuulizwa, jibu lake lilikuwa hapana. Tangu siku ile kila adui anaposimama mbele yangu na kusema "nafanya haya kwa ajili ya mwanangu, kwa ajili ya mji wangu, kwa ajili ya waliokufa", mimi nina maswali mawili. Wanaolipa, waliulizwa? Na wanaolipiwa, waliulizwa? Nikirudi Stratholme nikayauliza, sipati jibu. Nikiyauliza mbele ya Emet-Selch, ananitazama kama mdudu. Na nikijiuliza mwenyewe kuhusu Kalil, mimi shujaa niliyeshika pedi, nanyamaza.

Basi nia haina thamani? Hapana, sikusema hivyo, na ndipo nataka kumalizia. Nia ina kazi yake. Inakuja baada ya tendo, tunapokaa kuamua tumfanye nini aliyetenda.

Dragon Age: Origins, mwaka 2009, inakuweka kwenye kiti hicho cha kuamua. Loghain ni mtoto wa mkulima aliyepigana hadi nchi yake ya Ferelden ikatoka chini ya Orlais. Ni shujaa wa taifa. Miaka baadaye, kwenye vita vya Ostagar, moto wa ishara unawashwa ili alete jeshi lake, naye anaamuru jeshi liondoke. Mfalme Cailan, mume wa binti yake, anauawa pale pamoja na wengi waliokuwa naye. Sababu? Aliogopa kwamba mfalme kijana ataifungulia Orlais mlango irudi. Hofu ile haikuwa ya kubuni, aliishi chini ya Orlais. Lakini baadaye, akitafuta fedha za vita vyake vya ndani, anaruhusu watu wa mtaa wa "elves", jamii ya watu wenye masikio marefu, wauzwe utumwani. Mtu aliyepigania uhuru anauza watu. Ukimuuliza, kwa nini? Kwa ajili ya Ferelden.

Unamshinda kwenye pambano mbele ya wakuu wote. Amepiga goti. Alistair, mwenzako wa safari ambaye mlezi wake alifia Ostagar, anataka kichwa cha Loghain. Mzee mmoja wa Grey Wardens, kikosi cha wapiganaji unachotumikia, anasema aachwe aingie kwenye kundi lao, atumike kupigana na janga linalokuja. Anora, binti ya Loghain, amesimama palepale, anatazama. Ukimwacha hai, Alistair anakuacha.

Mara ya kwanza nilimuua. Damu ikaruka mbele ya Anora, nikasema haki imetendeka, nikalala vizuri. Mara ya pili nilimwacha, na Alistair akaondoka akiwa amevunjika moyo, nami nikaona aibu kwa sababu alikuwa na haki ya kuondoka. Tukasonga mbele na Loghain, na usiku wa mwisho nilimruhusu yeye alipige joka, mkuu wa janga lile, pigo la kumaliza, lile ambalo mpigaji wake lazima afe nalo. Alikubali. Nilimuuliza, akakubali. Waliofia Ostagar hawakufufuka, na wale waliouzwa hawakurudi kwa sababu yake. Sikumhalalisha hata kwa pumzi moja. Lakini nilijua kilichomsukuma, na kwa kujua hilo niliweza kumpa kazi moja ya mwisho ambayo alikuwa anaiweza.

Ndugu yangu wa kule nyuma, mkono wako naona umeshachoka. Ahsanteni nyote kwa kunisikiliza. Kipaza sauti kipelekeni kwake kwanza.